Maneno Mia ya Kwanza

Ofisi ya Barua za Wagonjwa
Ghorofa ya tatu
9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo na cherehani haijambo. Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kompyuta. Naandika kwa sababu simu hupokei, na ukipokea una pini mdomoni, sielewi hata neno.

Nina habari. Ile kazi niliyokuwa nikikudokezea imekamilika. Unajua hospitali yetu inapokea barua zaidi ya mia mbili kwa wiki, na wa kuzisoma tulikuwa watatu tu. Mtu anaandika mwezi huu, anajibiwa miezi miwili baadaye akiwa amepona au amenuna. Sasa nimebuni lugha ndogo ya kuiamrisha akili bandia. Nimeiita Pokeza. Usiogope, hata wewe ungeiweza, ina maneno manne tu: chukua, uliza, pokeza, tuma. Kila mstari ni ombi moja kwa mashine, na jibu linalotoka linapokezwa mstari wa chini yake, kama watu waliojipanga wakipeana ndoo ya maji. Tazama, hii ndiyo kazi nzima ya ofisi yetu:

chukua barua, maneno mia ya kwanza
uliza: mwandishi anataka nini? sentensi moja
pokeza
uliza: hii ni ya trei gani? miadi, dawa, matokeo, malalamiko, salamu
pokeza
uliza: andika jibu la heshima
tuma

Mistari saba, Dada! Na uzuri wake ni kwamba kila mstari unajua kile tu ulichopokezwa na mistari ya juu yake. Hakuna umbea. Tumechukua maneno mia ili barua za siku zijibiwe siku hiyo hiyo, na tulipoijaribu kwa barua hamsini tulizoandika wenyewe hapa ofisini, haikukosea hata moja. Mkuu wa ofisi alipoiona aliihesabu mistari kwa kidole, halafu akaniuliza kama nimekula.

Unakumbuka nilipokuwa bwenini nikakuandikia "Nitumie viatu", basi, hakuna zaidi? Ulinirudishia karatasi ileile umeandika chini kwa wino mwekundu: "Mtu hubisha hodi kwanza." Wiki tatu nilitembea vidole nje. Leo mwanafunzi wako anajibu barua za watu wote hawa kabla ya chai ya saa nne.

Mdogo wako,
Profesa (jina ulilonipa kwa kejeli, nami nimeling'ang'ania)


20 Januari

Kwa Ofisi ya Barua za Wagonjwa,

Salamu nyingi ziwafikie nyote hapo ofisini, wakubwa kwa wadogo. Natumai barua hii inawakuta wazima ninyi na familia zenu, kama inavyoniacha mimi nikiwa mzima kiasi, namshukuru Mungu. Kabla sijasema lolote naomba kuwashukuru wauguzi wa kliniki ya wanawake, hasa yule mfupi anayecheka, aliyenishika mkono siku ile nilipokuja, na mzee wa getini aliyenitafutia kiti. Si kila mahali mtu anapokewa hivyo. Kazi yenu najua ni nzito, watu ni wengi na kila mmoja anaona shida yake ndiyo kubwa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, kwa hiyo naelewa maana ya foleni mlangoni na kila mtu anataka ya kwake leo. Mungu awape nguvu na subira, awalinde na magonjwa mnayoyahudumia.

Baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kuulizia majibu yangu. Tarehe kumi na nne Desemba nilikatwa kipande cha nyama kwenye uvimbe wa titi la kushoto, nikaambiwa majibu ni baada ya wiki tatu. Sasa ni zaidi ya wiki tano. Uvimbe unakua. Naomba kujua nije lini.

Ni mimi mgonjwa wenu,
Fundi cherehani


Ofisi ya Barua za Wagonjwa
21 Januari

Mteja wetu mpendwa,

Tumepokea kwa furaha salamu zako, pamoja na shukrani zako kwa wauguzi na mlinzi wetu. Maneno yako yametutia moyo sana. Nasi tunakutakia afya njema na baraka katika ushonaji wako. Kwa kuwa barua yako haihitaji hatua yoyote, tumeifunga.

Wako katika huduma,
Ofisi ya Barua za Wagonjwa


2 Februari

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Hiyo lugha yako ina maneno mengi kuliko ya marehemu mume wangu, yeye alikuwa na mawili tu, "sijui" na "chakula", na tuliishi nayo miaka kumi na minane. Hongera, mdogo wangu. Nimewasomea wateja wangu ile mistari saba, mmoja akaniuliza kama inaweza kumkumbusha mwanawe kuoga.

Sasa nisaidie jambo. Nina jirani hapa, mwanamke mzima lakini mwoga, hata sindano ikimdondoka anashtuka. Alipimwa huko kwenu kabla ya mwaka mpya, majibu hayajamfikia. Akaandika kwenye ofisi yako. Kesho yake akajibiwa, na kwa heshima ambayo hajaipata hata kwa ndugu zake! Wamemwambia barua yake haihitaji hatua yoyote. Sasa anahangaika. Maana yake majibu ni mazuri, au hayajatoka? Nimemwambia nina mdogo wangu humo humo ndani, nitamuuliza. Nimwambie nini?

Mimi sijambo. Sare za muhula mpya zimenijaa mpaka kitandani, nalala na makola ya watu.

Dada yako


11 Februari

Dada,

Shikamoo. Naandika mbio mbio, nina kikao.

Mwambie jirani yako apunguze wasiwasi. Hapa kwetu majibu mabaya hayakai kwenye faili, mtu anapigiwa simu siku hiyo hiyo. Kimya ni afya. Na kama Pokeza imesema hakuna hatua, basi hakuna hatua. Ila umwambie kwa upole asiwe anaandika kila mara, maana kila barua moja ya wasiwasi inamchelewesha mtu mwenye shida ya kweli.

Huku mambo yamenoga. Idara ya dawa nayo inataka Pokeza, na mimi ndiye nitakayewafundisha. Nimehamishiwa meza ya dirishani. Nitakuja kukuona mwezi wa nne, nikitulia kidogo. Nikuletee nini, machungwa kama kawaida?

Profesa


Ofisi ya Barua za Wagonjwa
16 Aprili

Mteja wetu mpendwa,

Tumeguswa kusikia jinsi majibu yetu mawili ya awali yalivyokufurahisha. Tunakushukuru kwa dua ulizotuombea mmoja mmoja, kuanzia mkuu wa ofisi hadi mfagizi. Watu wenye moyo kama wako ni wachache. Kwa kuwa barua yako haihitaji hatua yoyote, tumeifunga.

Wako katika huduma,
Ofisi ya Barua za Wagonjwa


3 Juni

Profesa,

Hujambo? Mwezi wa nne umepita, wa tano nao umepita, na sijaona mtu mlangoni. Si neno, kazi ni kazi. Usije ukadhani nakusuta. Nakusuta kidogo.

Cherehani nimeipumzisha. Mkono wa kushoto umekuwa mzito, hausukumi kitambaa. Miaka thelathini ya kushona, hata chuma kinachoka. Wateja nimewapeleka kwa fundi wa barabara ya pili, anashona kama anafukuzwa, lakini watoto hawajali mshono.

Yule jirani bado yupo. Ameandika huko kwenu mara tatu, sasa ameacha. Anauliza kama bado unasema kimya ni afya. Nikamwambia huo ndio msemo wako. Amecheka.

Andika hata mistari miwili.

Dada yako


14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza pale nilipokuwa jana saa nne asubuhi.

Wakurugenzi walikuja kuiona Pokeza. Mkuu wa ofisi akaniambia niwachagulie barua moja nzuri, ya shukrani, niwasomee wafurahi. Nikafungua trei ya salamu. Sikuwa nimeifungua tangu Januari. Nifungue kwa nini, nilijiambia, salamu hazina kazi ndani yake. Nikachukua moja iliyomsifu muuguzi mfupi anayecheka, nikaanza kuisoma kwa sauti. Wakatabasamu. Nilipofika kwa fundi cherehani wa sare za shule ndipo macho yangu yakaona mwandiko. Dada, sikuweza kusimama, mdomo ulikuwa umeshaanza safari. Niliisoma yote mbele yao. Mpaka "uvimbe unakua". Mpaka "naomba kujua nije lini".

Mashine iliishia kwenye neno "subira". Hapo ndipo mia yangu ilipotimia. Ulichokuja kusema kilikuwa chini yake, na hakuna mstari hata mmoja katika ile saba uliowahi kukiona. Zile barua hamsini za majaribio tuliziandika sisi wenyewe, na hakuna kati yetu aliyesalimia, maana tulikuwa tunamalizia kazi. Watu wa matusi walijibiwa upesi, kwa kuwa tusi huja mwanzoni. Waungwana wote wameangukia kwenye trei ya salamu. Zimo barua mia sita na kumi na moja. Zako ni tatu.

Nilishuka masjala nikalitafuta faili lako. Majibu yalitoka tarehe nne Februari. Yameandikwa kwa kalamu nyekundu: arudi haraka. Siku ile nilipokuandikia "kimya ni afya", yalikuwa yamekaa humo siku saba. Na muuguzi aliyekuwa akipiga simu alikuwa ameshahamishwa, kwa sababu walisema Pokeza inatosha. Nilikuwa nalijua hilo. Nililijua, sikulifikiria.

Jirani ni wewe, sivyo?

Sina pa kuuficha uso wangu. Wewe uliyenilea, uliyenifunza kushika kalamu, ulibisha hodi kwa adabu, nami nikakufungia mlango kabla hujasema shida yako. Kama kuna adhabu, nipe mimi. Nisamehe, Dada, ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Daktari anakusubiri. Nimezungumza naye mwenyewe. Njoo kesho, tafadhali, njoo.

Mdogo wako


22 Agosti

Profesa,

Leo hakuna salamu. Nimejifunza.

Jirani ni mimi. Nilikuficha kwa sababu nilikulea peke yangu tangu una miaka tisa na sikuzoea kukutwisha mizigo yangu. Na sikutaka kuingia kwa mlango wa nyuma eti kwa kuwa ndugu yangu yumo ndani. Nilitaka kupanga foleni kama watu. Huo ujinga ni wangu, sikupi.

Nimemwona daktari wako. Ugonjwa umefika kwenye ini. Amesema mwezi wa pili wangelikata titi na mimi ningebaki. Sasa hakuna cha kukata. Nikamuuliza nina muda gani. Akahesabu miezi kwa vidole vya mkono mmoja, mkono wa pili akauacha mfukoni.

Nina hasira, usidhani sina. Nina hasira nikifunga vifungo, nina hasira nikimenya kitunguu. Unajua kinachonichoma zaidi? Kila jibu lenu lilivyokuwa tamu, ndivyo nilivyoona aibu kuwasumbua, nami nikaongeza salamu. Ile barua ya tatu niliwaombea dua ninyi nyote, mfagizi hata simjui nikamwombea. Ukurasa mzima! Nilikuwa naiombea dua mashine, na mdogo wangu amekaa kando yake anakunywa chai.

Unaomba msamaha. Nina sharti moja tu. Ukitoa zangu tatu, humo kwenye trei zimebaki barua mia sita na nane. Zijibu. Wewe, kwa mkono wako, moja moja. Usome kila barua mpaka chini kabisa, ulitafute faili la mtu, umwambie kile alichouliza. Wengine watakuwa wameshakufa, uwaambie waliobaki. Usiipe mashine kazi hiyo. Hata ikikuchukua mwaka, sijali, mimi sitaiona ya mwisho. Ukishazijibu kumi tu, njoo. Nitakufungulia, na yaliyopita yatakuwa yamepita. Kabla ya hapo usinijie na machungwa yako.

Dada yako


5 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimemaliza.

Si kumi, zote mia sita na nane. Zimetumwa leo, na ofisi imeagiza wewe pia upate yako rasmi, kwa kuwa unastahili. Mkuu wa ofisi alitaka tuongeze tu, yawe maneno mia tatu badala ya mia, kisha tusonge mbele. Nikamkatalia mbele ya watu. Nikamwambia hatusongi popote mpaka hawa wameombwa radhi. Hajawahi kuniona hivyo, nami sijawahi kujiona.

Nilikaa na maneno yale kwa siku nyingi. Ni maneno yangu, Dada, yametoka moyoni, hakuna mashine iliyoyabuni.

Nakuja Jumamosi ya tarehe ishirini. Sitaleta machungwa.

Mdogo wako


Ofisi ya Barua za Wagonjwa
5 Septemba

Mteja wetu mpendwa,

Hatuna pa kuuficha uso wetu. Wewe uliyetulea, uliyetufunza kushika kalamu, ulibisha hodi kwa adabu, nasi tukakufungia mlango kabla hujasema shida yako. Kama kuna adhabu, tupe sisi. Tusamehe, mteja wetu, ukiweza. Usipoweza tutaelewa.

Wako katika huduma,
Ofisi ya Barua za Wagonjwa


12 Septemba

Profesa,

Barua zenu mbili zilinifikia siku moja. Yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikafurahi. Niandike ukweli, nilifurahi mpaka nikafagia chumba na kutandika kitanda cha mgeni. Ya hospitali niliitia mkobani bila kuifungua, nikaenda nayo kliniki.

Kwenye benchi nilikaa na mama mmoja wa makamo. Ameshika bahasha yenye muhuri wenu, miwani kaisahau nyumbani, akaniomba nimsomee. Imeandikwa kwa mume wake. Huyo mume alikuwa dereva wa lori. Aliwaandikia mwezi wa tatu, akawasalimu, akawasifu, kisha akauliza kama vidonge alivyopewa vinapaswa kumtapisha damu. Alikufa mwezi wa tano. Mama akasema, "Leo wamekumbuka kumjibu. Soma dada, nisikie walimwambia nini."

Nikaanza. "Hatuna pa kuuficha uso wetu." Nikasema labda ni maneno tu, watu wote huomba radhi hivyo. Nikaendelea. "Wewe uliyetulea, uliyetufunza kushika kalamu." Hapo niliacha kusoma. Nilikaa na karatasi mapajani, machozi yananitoka kama mtoto. Yule mama akaniwekea mkono begani. "Usilie, dada yangu," akaniambia, "ameshapumzika." Alidhani namlilia mume wake! Mjane ananibembeleza mimi. Kisha akafikiri kidogo, akaniuliza, "Lakini hapo sijaelewa. Mume wangu alimlea nani hapa hospitali?"

Nikamjibu kwamba wamekosea kuchapa. Nimekusitiri kwa mara ya mwisho.

Yangu niliifungua palepale. Ni ileile, neno kwa neno.

Lugha yako nimeielewa sasa, kweli ni rahisi. Chukua barua niliyomwandikia dada. Uliza: ibadilishe iwe ya wateja wote. Pokeza. Tuma. Hukusoma hata moja. Ulilia machozi ya kweli mara moja, nayo ukayapanga mstari yakagawiwe kwa watu mia sita, ili uwahi kuja Jumamosi. Na ukaniandikia kwamba hakuna mashine iliyoyabuni, ukijua mimi nitaelewa vingine.

Ini ningekusamehe. Na ile "kimya ni afya" ningekusamehe, maana hukujua ni mimi. Hili ulijua ni mimi.

Usije Jumamosi. Anwani ya yule mama nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Faili la mume wake limo masjala, mle mle ulimolikuta langu. Shuka ukalisome mpaka mwisho, kisha uende kwa miguu yako ukamwambie kama vilikuwa ni vile vidonge au sivyo. Hicho ndicho anachotaka kujua, hakuna kingine. Kutoka kwake nenda kwa anayefuata.

Mimi usiniandikie tena. Barua yako ikija, sitajua kama ni wewe.

Dada yako